Usafiri wa kuingia Jamhuri ya Afrika ya Kati

Usafiri wa kuingia Jamhuri ya Afrika ya Kati hufanyika kwa ndege, kwa mto na kwa barabara. Nchi hiyo haina pwani wala reli, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vimeathiri usafiri huo mara kadhaa.

Anga
Uwanja wa ndege wa kimataifa wa Bangui M'Poko uko karibu na mji mkuu, Bangui. Kutokana na mapigano ya Desemba 2013, watu wapatao 100,000 waliokimbia makazi yao walipiga kambi uwanjani hapo. Kambi hiyo ilifungwa mwaka 2017.

Mto
Bangui iko kando ya mto Ubangi, tawimto la Kongo. Matishari hupandisha mizigo kutoka Brazzaville, umbali wa takriban kilomita 1,200. Wakati wa kiangazi maji hupungua na vyombo vikubwa haviwezi kufika. Ng'ambo ya mto uko mji wa Zongo, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Barabara
Bidhaa nyingi hutoka bandari ya Douala, Kamerun, na kupita Garoua-Boulaï na Bouar. Mwezi Desemba 2020 waasi wa muungano wa CPC waliifunga barabara hiyo. Malori yalikwama mpakani na bei za vyakula zikapanda Bangui. Kwa kuwa ulikuwa msimu wa kiangazi, mto haukuweza kuziba pengo hilo. Msafara wa kwanza wa malori ulifika Februari 2021, ukilindwa na askari wa Umoja wa Mataifa.