Elimu ya masafa si ngeni, tusimsahau mwalimu

Chuo Kikuu Huria cha Kenya, chenye makao yake Konza, kilipopewa hati Agosti 2023, wapo waliodhani elimu ya masafa ndiyo kwanza inazaliwa. La hasha! Tangu 1858, Chuo Kikuu cha London kiliwaruhusu watahiniwa wasiosomea vyuoni mwake kufanya mitihani yake. UNISA ya Afrika Kusini ilianza kufundisha kwa posta mwaka 1946. Jirani zetu Watanzania walianzisha chuo chao huria 1992.

Funzo kubwa, kwa maoni yangu, linatoka Uingereza. Open University ilipoanzishwa 1969, kilichosifiwa mno ni vipindi vyake kwenye BBC. Lakini nyuma ya vipindi hivyo kulikuwa na mkufunzi aliyesahihisha kazi za mwanafunzi na kumwandikia maoni, vituo vya kukutania na masomo ya ana kwa ana wakati wa likizo. Televisheni ilisaidia tu. Mwalimu ndiye aliyefundisha.

Hapa kwetu, vyuo vya umma vimezama kwenye madeni, na mtandao unaonekana kama njia ya mkato ya kupunguza gharama. Hapo ndipo penye hatari. Mwanafunzi aliye Lodwar akitumiwa nakala za mihadhara kwa simu, kisha aachwe ajitafutie bando na majibu, huyo hajafundishwa. Basi kabla ya kununua mitambo, wakuu wa vyuo watuambie: insha yake itasomwa na nani?