Waliolala nje ya Maratha Mandir

Wiki mbili sijaandika kitu hapa, samahanini, kazi za chumba cha habari zilinibana. Na kila nikipata nafasi ya kukaa najikuta nabishana na wenzangu kuhusu picha. Ubishi wenyewe ulianzia kwa Christopher Nolan. Alipotangaza kwamba anatengeneza The Odyssey, ile hadithi ya Wagiriki wa kale, mashabiki wake walipagawa. Julai 2025 tiketi za baadhi ya maonyesho ya IMAX ziliuzwa mwaka mzima kabla ya siku iliyopangwa, Julai 17, 2026, na nyingi zikaisha ndani ya muda mfupi. Mwaka mzima! Mwenzangu mmoja, mpenzi mkubwa wa Nolan, akaapa kwamba haijawahi kutokea duniani watu kuisubiri picha ya mambo ya kale namna hiyo. Nikamwambia, ndugu yangu, wewe hujasikia habari za Mughal-e-Azam.

Basi leo naandika habari hiyo. Si uchambuzi wa picha yenyewe, wengi mmeiona, kama si nyinyi basi wazazi wenu. Ni habari ya kuisubiri. Kila ninaposoma kuhusu picha hii nakuta inasifiwa kwa miaka kumi na sita iliyotumika kuitengeneza, eti mwongozaji wake, K. Asif, alikuwa anatafuta kitu kisicho na dosari. Sehemu ya maneno hayo ni kweli. Sehemu kubwa, kwa maoni yangu, ni balaa lililovishwa nguo za sifa.

Asif alizaliwa mwaka 1922 huko Etawah, kaskazini mwa India, na husemwa kwamba alishika sindano na cherehani kabla ya kushika kamera. Mwaka 1944, akiwa kijana asiye na jina, alivutiwa na tamthilia ya Imtiaz Ali Taj wa Lahore iitwayo Anarkali. Kisa mnakijua: Salim, mwana wa mfalme Akbar, anampenda mcheza ngoma wa ikulu. Baba anakataa, mwana anaasi, jeshi la baba linapigana na jeshi la mwana. Mwisho wake, kwa jinsi kinavyosimuliwa na wengi, binti anajengewa ukuta akiwa hai.

Hapa niseme kidogo kama mtu aliyesoma historia. Huyu Anarkali hayumo katika Akbarnama, kitabu cha matukio ya utawala wa Akbar, wala hayumo katika kumbukumbu alizoandika Salim mwenyewe alipokuwa mfalme kwa jina la Jahangir. Kati ya wa kwanza kuandika habari inayofanana na hiyo ni mfanyabiashara Mwingereza, William Finch, aliyepita Lahore mwanzoni mwa miaka ya 1600. Uasi wa Salim ulikuwepo kweli, lakini ulikuwa wa kugombea kiti. Mwaka 1602 aliagiza auawe Abul Fazl, mwandishi wa hiyo Akbarnama na rafiki wa baba yake. Mambo ya mapenzi hapo hayaonekani. Hata hivyo Lahore kuna kaburi linaloitwa la Anarkali na kuna soko lenye jina lake. Yaani kisa hiki, kiwe kweli au uongo, ni cha watu wa Lahore. Shikeni hapo, nitaparudia.

Upigaji picha ulianza Bombay kabla ya uhuru. Akbar alikuwa Chandramohan, Anarkali alikuwa Nargis, Salim alikuwa Sapru, na fedha zilitoka kwa Shiraz Ali Hakim. Mwaka 1947 India ikakatwa vipande viwili. Zaidi ya watu milioni 10 walihama makwao, maelfu kwa maelfu waliuawa njiani. Hakim akahamia Pakistan, na fedha zikaondoka naye. Mwaka 1949 Chandramohan akafariki. Na Lahore, mji wa kisa chenyewe, ukawa katika nchi nyingine. Sasa niambieni, hapo kuna ukamilifu gani uliokuwa ukitafutwa? Mtu alibaki na mikanda ya picha isiyo na mfalme wala mfadhili.

Kama ni mimi ningerudi kwenye cherehani. Asif hakurudi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alimpata Shapoorji Pallonji, tajiri wa ujenzi wa majumba, ambaye inasemekana hakuwa na habari na sinema ila alimhusudu sana Akbar. Akaanza upya kabisa: Prithviraj Kapoor kuwa Akbar, Dilip Kumar kuwa Salim, Madhubala kuwa Anarkali. Kabla hajafika popote, mwaka 1953 wenzake wakatoa picha ya kisa hichohicho, wakaiita Anarkali tu, stelingi wake Pradeep Kumar na Bina Rai. Ikavuma vibaya sana. Watu wote wakawa wanajua kisa, wameshalia machozi yao, wameshaimba nyimbo. Bado wakaendelea kuisubiri ya Asif!

Na kwa nini wasisubiri, kwa habari zilizokuwa zikitoka huko studio? Washonaji waliletwa kutoka Delhi, masonara kutoka Hyderabad, viatu vilitoka Agra, mataji yalitengenezwa na mafundi wa Kolhapur, silaha zikafuliwa na wahunzi wa Rajasthan. Kwenye vita kati ya baba na mwana walitumika ngamia 2,000, farasi 400 na watu 8,000, wengi wao wanajeshi hasa wa Jeshi la India walioazimwa. Ukumbi wa vioo, Sheesh Mahal, ulijengwa kwa miaka miwili, urefu futi 150, upana 80, vioo vimeagizwa Ubelgiji. Kumaliza kujenga, likazuka jingine. Taa zikiwashwa, kila kioo kinarudisha mwanga kwenye kamera na hakuna kinachoonekana. Mpiga picha R. D. Mathur alihangaika mpaka akapata njia ya kuuzungusha mwanga usipige vioo moja kwa moja. Na ule mwangwi wa sauti ya Lata Mangeshkar kwenye wimbo wa ukumbi ule, husimuliwa kwamba ulipatikana kwa kumwimbisha bafuni. Hilo ndilo ninalolipenda kuliko yote. Mamilioni ya rupia kwenye vioo, halafu sauti imetoka bafuni.

Wimbo ule ulipigwa kwa rangi. Asif alipoona matokeo akataka arudie picha nzima kwa rangi. Wasambazaji, ambao walikuwa wameshatoa fedha na kungoja miaka nenda rudi, wakagoma. Nawaelewa. Wanaomsifu mwongozaji huwasahau hawa, lakini bila wao kusema imetosha, nadhani picha hii isingetoka mpaka leo.

Kulikuwa na jingine lililowaweka mashabiki roho juu, nalo halikuwa la ikulu ya Akbar. Dilip Kumar na Madhubala walikuwa wapenzi kweli, nje ya picha, na baba wa binti hakutaka. Mapenzi yao yalivunjika wakati upigaji picha ukiendelea. Mwaka 1957 walikutana mahakamani, kwenye kesi iliyohusu picha nyingine kabisa, Naya Daur. Baada ya hapo ikabidi warudi studio wakatazamane kama wachumba. Isitoshe Madhubala alikuwa na tundu kwenye moyo tangu kuzaliwa, na ile minyororo mnayoiona gerezani ilikuwa ya chuma kweli. Alifariki Februari 1969 akiwa na miaka 36. Watu waliokuwa wakisubiri picha walikuwa wanasubiri kuona penzi lililokwisha kufa.

Haya, Agosti 5, 1960, siku ikafika. Ukumbi wa Maratha Mandir, Bombay, una viti kama 1,100 hivi. Mbele ya jengo wakasimamisha sanamu ya picha ya Prithviraj yenye kimo cha futi 40. Mikanda ya filamu ilifikishwa ukumbini juu ya mgongo wa tembo, tarumbeta zikilia. Dilip Kumar hakuja. Alikuwa na kisirani na Asif kwa kumuoa dada yake bila ridhaa yake. Tiketi ya kawaida siku zile ilikuwa kama rupia moja na nusu. Hizi za Mughal-e-Azam, zilizotengenezwa kama kijitabu chenye picha na maelezo, ziliuzwa rupia 100. Wakati wa kukata tiketi watu wanaokadiriwa kufikia laki moja walijaa nje ya ukumbi. Kulizuka vurugu, polisi wakaingilia. Wengine walikaa kwenye foleni siku nne, tano, wanalala palepale, wake na mama zao wanawaletea chakula. Picha ilikaa ukumbini pale miaka mitatu. Rekodi yake ya mapato ilivunjwa na Sholay mwaka 1975.

Sasa wale wanaosema ucheleweshaji ndio uliozaa uzuri wawatazame Asif miaka iliyofuata. Alianza picha nyingine ya kale, Love and God, kisa cha Laila na Majnun. Stelingi wake Guru Dutt akafariki 1964. Akamchukua Sanjeev Kumar. Asif mwenyewe akafariki Machi 1971, kazi haijaisha. Sanjeev Kumar akafariki 1985. Mjane wa Asif, huyohuyo dada wa Dilip Kumar, alisaidia kupatikana kwa vipande, vikaungwaungwa, ikatoka 1986. Hakuna aliyelala nje kuisubiri. Mtu yuleyule, ukaidi uleule. Kwa hiyo siwezi kukubali kwamba kuchelewa ndiko kulikomfikisha. Mara ya kwanza alisalimika, ya pili hakusalimika, basi.

Na Lahore? Hawa ndio wanaoniuma. Baada ya vita vya 1965 Pakistan ilipiga marufuku picha za India. Watu waliokuwa na kaburi la Anarkali mjini kwao hawakuruhusiwa kuiona kwenye ukumbi wa sinema. Miaka ya 1970 kituo cha televisheni cha Amritsar, upande wa pili wa mpaka, kama kilomita 50 tu, kilipoirusha, watu walijazana mbele ya televisheni wakigeuza antena zao. Mwaka 2004 India ilitoa nakala iliyotiwa rangi mwanzo hadi mwisho, kama Asif alivyotaka. Hiyo ndiyo iliyoruhusiwa Pakistan mwaka 2006, na uzinduzi wake ukafanyika Lahore. Tangu kijana yule aguswe na tamthilia ya mtu wa Lahore ilikuwa imepita miaka 62. Foleni ya Maratha Mandir ilikuwa ya siku tano.

Kwetu pwani mapicha ya Kihindi hayakuhitaji ruhusa ya vita. Yalifika kwa meli, na nyimbo zake zilitangulia kwenye santuri, ndiyo maana taarabu ya akina Juma Bhalo wa Mombasa ina tuni nyingi ambazo Mhindi yeyote akisikia anageuza shingo. Bibi yangu mzaa mama alikulia Tanga, na anasema nyimbo za Mughal-e-Azam alikuwa anazijua zote kabla picha haijafika mjini, bila kujua maana ya neno hata moja. Aliweka akiba senti zake. Siku ya Jumapili wakaenda yeye na dada yake, wakakuta tiketi zimeisha, zimebaki za walanguzi kwa bei mara tatu. Fedha ikatosha mtu mmoja. Mkubwa akaingia, bibi akabaki nje ukutani anasikiliza.

Kama hujaiona picha, ishia hapa. Usiku ule dada alimsimulia yote, na akasema mwishoni Anarkali anajengewa ukuta na kufa. Bibi alilia siku mbili. Aliishi na mwisho huo miaka zaidi ya ishirini, mpaka mjomba aliporudi na deki na kaseti miaka ya 1980. Ndipo akaona kwa macho yake kwamba Akbar anamtorosha binti kwa njia ya chini kwa chini, yu hai. Dada alikuwa ameshafariki, hakuna wa kumuuliza. Labda alisinzia. Labda aliona unafuu kusimulia kile kisa cha zamani ambacho kila mtu alikuwa anakijua.

Juzi nilimpigia bibi kumuuliza ni mwisho upi anaouamini. Akaniambia, "Wa dada yangu. Huo wa kwenye kaseti wamebadilisha."