Sarafu tatu za Narita

Nilikuwa safarini, na safari yenyewe ndiyo imezaa haya ya leo.

Niko uwanja wa ndege wa Narita, narudi nyumbani kutoka Tokyo, mfukoni nina sarafu tatu za yen 100. Aliyewahi kusafiri anajua: noti utabadilisha, lakini sarafu hakuna duka la fedha litakaloziangalia. Wajapani wamelifikiria hilo. Mwaka 2016 walipanga pale Narita safu za mashine za vidoli, makusudi kabisa kwa ajili ya abiria wenye chenji iliyowabakia. Unatumbukiza sarafu, unazungusha mkono, krr krr, kinadondoka kikopo cha plastiki cha duara chenye kidoli ndani. Wenyewe wanaziita gachapon: gacha ni mlio wa mkono ukizungushwa, pon ni kikopo kikidondoka.

Mashine niliyosimama mbele yake ilitaka yen 300. Ya pili 400, ya tatu 500. Pembeni yangu kulikuwa na mtoto wa kama miaka sita, ana sarafu moja tu ya 100, anazunguka mashine moja hadi nyingine akisoma bei. Nikajiuliza swali la kipuuzi: mbona hakuna ya 280? Au 350?

Jibu liko ndani ya chuma. Mashine hizi kwa asili hazina umeme wala hazirudishi chenji. Ndani kuna kisahani chenye tundu lenye ukubwa wa sarafu moja maalumu. Bila sarafu, mkono umekwama. Sarafu ikikaa mahali pake, mkono unazunguka, gurudumu la ndani linasogea na kikopo kimoja kinaanguka. Kwa hiyo bei ni idadi ya sarafu, basi. Ukitaka kupandisha bei, unaongeza sarafu nzima.

Ugonjwa huu Wamarekani waliuonja mapema. Mashine zao za karanga na bigijii zilizaliwa na senti moja. Coca-Cola nayo iliganda kwenye senti 5 kwa takriban miaka 70 tangu 1886, na mojawapo ya sababu ni kwamba mashine zake zilimeza sarafu ya senti 5 tu. Hatua iliyofuata ilikuwa kuruka hadi senti 10, yaani kuongeza bei maradufu. Mwaka 1953 kampuni hiyo ilifikia hatua ya kuomba serikali ya Eisenhower itengeneze sarafu ya senti saba na nusu! (Hawakupewa.)

Tokyo yenyewe, hadithi inaanza Februari 1965, mtaa wa Kuramae, mahali pa maduka ya jumla ya midoli. Mfanyabiashara Ryuzo Shigeta aliweka nje ya duka lake mashine iliyotoka Marekani. Kule vidoli vilikuwa vikimwagwa humo vitupu, wakati mwingine vimechanganywa na bigijii. Yeye akavifungia kwenye vikopo. Bei: yen 10, sarafu moja, hela ambayo mtoto aliweza kuwa nayo mwenyewe bila kumbembeleza mama.

Mwaka 1977 ikaja Bandai na mashine za yen 100, wakati nyingi mitaani zilikuwa bado zinakula sarafu za yen 10. Fikiria, jamani. Ungedhani ni wendawazimu. Lakini kwa yen 10 huwezi kutengeneza kitu cha maana. Kwa 100 unaweza kumlipa mwenye katuni haki zake, ukachonga umbo linalofanana naye kweli, na mwenye duka akapata chake. Mwaka 1983 wakatoa vimieleka vya mpira kutoka katuni ya Kinnikuman, vya rangi moja tupu, na viliuzwa zaidi ya milioni 100. Hiyo rangi moja ndiyo ninayoipenda kuliko yote katika historia hii. Kupaka rangi ni kazi ya mkono, inagharimu. Bei ilishafungwa kwenye 100, kwa hiyo rangi ikaachwa, na watoto wala hawakulalamika.

Halafu serikali ikaingia. Aprili 1989 Japani ilianza kodi ya mlaji ya asilimia 3. Dukani muuzaji anaongeza yen 3, yamekwisha. Kwenye mashine utaongeza vipi? Karibu yen 3 zilitoka ndani ya ile ile 100. Kodi ikawa asilimia 5 mwaka 1997, 8 mwaka 2014, 10 mwaka 2019. Leo katika kidoli cha yen 300, kama yen 27 ni za kodi, na mashine haijui lolote. Kila kitu kinapopanda, mtengenezaji anabana plastiki, anapunguza rangi, mpaka siku anaposhindwa na kuongeza sarafu nzima. Ndivyo 200 ilivyoenea miaka ya 1990, kisha 300.

Kutoka 100 kwenda 200 si kupandisha bei kidogo. Ni kubadilisha mteja. Mwaka 2012 kilitoka kidoli kinachoitwa Fuchiko, dada wa ofisini anayening'inia kwenye ukingo wa kikombe, yen 200, na walioking'ang'ania walikuwa watu wazima, hasa kina dada wa ofisini wenyewe. Tangu hapo vidoli vimekuwa vizuri ajabu, vimepakwa rangi hadi kope. Mwaka 2021 likafunguliwa duka Ikebukuro lenye mashine zaidi ya 3,000. Sasa ziko hata zinazopokea malipo ya kielektroniki, kwa hiyo kile kisahani hakina tena sababu ya kuamua bei.

Wapenzi wa vidoli watanipinga, lakini mimi naona ile yen 10 ya Kuramae ilikuwa na akili kuliko kope zote hizi.

Nikatumbukiza zangu tatu, kikadondoka kisahani cha tambi kisichozidi ukucha. Nilipogeuka, yule mtoto alikuwa ameshafika mwisho wa safu, sarafu yake bado mkononi.