Nani Alistahili Mkopo wa Nyumba Ufipa?

Mvua zikikatika mwezi Mei, uwanda wa Ufipa huanza kufyatua tofali. Udongo hukanyagwa, hutiwa kwenye kibao, huanikwa, kisha hupangwa tanuru na kuchomwa kwa kuni kabla mvua za Novemba hazijafika. Huko Kasesya, kwenye mpaka wa Zambia wilayani Kalambo, mkulima anaweza kupandisha kuta mwaka huu na kuacha bati lisubiri mahindi ya mwaka kesho. Madirisha yatangoja bei ya maharage. Chumba kimoja kikishaezekwa, familia inahamia, vingine vikiwa bado vinatazama mbingu. Ujenzi huu hauna riba, ila unakula miaka.

Udongo wenyewe haukuwa mgeni kwa Wafipa. Kabla ya ukoloni walifua chuma kwenye malungu, matanuru ya udongo marefu kumpita mtu. Baadaye wamisionari wa White Fathers, walioingia Karema mwaka 1885, walisimamisha makanisa ya tofali za kuchoma. Kilichokosekana ni fedha ya bati, saruji na misumari, na hapo ndipo serikali ilipoingia.

Benki ya Nyumba Tanzania iliundwa kwa sheria ya mwaka 1972. Muda si mrefu ukaongezwa Mfuko wa Nyumba wa Wafanyakazi na Wakulima, uliojazwa na tozo waliyolipa waajiri kulingana na mishahara ya watu wao. Jina la mfuko lilimtaja mkulima waziwazi. Wakati ulikuwa wake pia: Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kuwa kuishi vijijini ni amri, na mamilioni wakahamishwa hadi mwaka 1976. Waliobomolewa nyumba walihitaji paa. Ufipa ilikuwa na nafuu kidogo, kwa kuwa, kama alivyoeleza mwanaanthropolojia Roy Willis, Wafipa walikuwa na desturi ya kukaa katika vijiji vilivyosongamana.

Marekani nayo, kwa Sheria ya Nyumba ya 1949, ilianza kuwakopesha wakulima nyumba, na mwaka 1961 ikafungua mlango kwa wakazi wengine wa mashambani. Kule sifa ya mwombaji hutazamwa kwenye kipato na mahali anapoishi. Huku, swali lililomkwamisha mwanakijiji lilikuwa jingine: una hati? Mwenye kiwanja kilichopimwa mjini alikuwa nayo. Mwanakijiji alikuwa na ardhi ya ukoo na majirani wa kumshuhudia. Marejesho ya mikopo yakadorora, gharama zikapanda, na mwaka 1995 Benki ya Nyumba ikafa. Kwa maoni yangu ilimjua mkulima kwa jina tu. Mwenye kuuza mara moja kwa mwaka hawezi kulipa kila mwezi, na hilo halihitaji mtaalamu kuligundua.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, ilijaribu kuziba pengo la karatasi. Ilianza kutumika Mei 2001 na ikaleta hati ya haki miliki ya kimila. Mwaka 2004 ukafuata MKURABITA, mpango wa kurasimisha mali za wanyonge, uliobeba matumaini kwamba hati hiyo itakopesheka. Kisheria inaweza kuwekwa rehani. Lakini benki hujiuliza itamuuzia nani mkopaji akishindwa, maana shamba la kijijini halihami mikono bila idhini ya halmashauri ya kijiji, na mnunuzi anatarajiwa awe mwanakijiji au mtu anayekuja kuishi au kufanya kazi hapo. Kinga inayomlinda mkulima asipokonywe ardhi ndiyo inayomfanya mkopeshaji asite. Mimi nisingependa kinga hiyo iondolewe.

Mwaka 2010 ilianzishwa TMRC, kampuni inayozipatia benki fedha za muda mrefu za mikopo ya nyumba. Hata hivyo mikopo hiyo yote nchini haijafikia asilimia 1 ya pato la taifa, na riba zake kwa kawaida zimecheza kati ya asilimia 15 na 19. Inamfaa mwenye mshahara unaokatwa kabla haujamfikia. Ofisa wa forodha aliyepangiwa Kasesya anaweza kuiomba, akajenge anakotaka. Mwenye nyumba anayempangisha chumba, aliyeifyatulia tofali moja moja kwa mikono yake, hana karatasi ya mshahara ya kupeleka dirishani.