Kambi za Mwea na haki za walioachiliwa

Kambi za Mwea zilikuwa miongoni mwa vituo vya mwisho vya mahabusu wengi wa vita vya Mau Mau kabla ya kurudishwa makwao. Zilijengwa kwenye tambarare iliyo kusini mwa Mlima Kenya, inakopita mito ya Thiba na Nyamindi, katika eneo la mji wa Wang'uru wa leo, ambao wengi huuita Ngurubani. Mji huo ndio kitovu cha Skimu ya Umwagiliaji ya Mwea, Kaunti ya Kirinyaga. Mchele wa pishori unaosifiwa Kenya nzima unatoka huko, na mifereji ya kwanza iliyoupatia maji ilichimbwa na watu waliofungwa bila kuhukumiwa na mahakama yoyote.

Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Vita vilivyofuata vilikuwa vya kupinga ukoloni, lakini katika vijiji vya Nyeri, Murang'a, Kirinyaga, Embu na Meru vilikuwa pia vita vya ndugu kwa ndugu. Wengine walikula kiapo cha Mau Mau na kuingia msituni, na wengine wakawa ngati, yaani walinzi waliopewa silaha na serikali. Upande aliokuwa mtu ndio ulioamua kama angepata shamba, kura na kazi vita vilipokwisha, na madai yote yaliyokuja baadaye yanaanzia hapo.

Mahabusu walipangwa kwa madaraja kulingana na ugumu wao wa kukiri kiapo. Walihamishwa kutoka kambi hadi kambi, na waliohesabiwa kuwa karibu kuachiliwa waliletwa Mwea, katika kambi kama Thiba, Gathigiriri na Kandongu. Vijana walipelekwa Wamumu. Kuanzia mwaka 1957, chini ya maofisa John Cowan na Terence Gavaghan, wagumu waliletwa kwa makundi madogo na kulazimishwa kwa kipigo kutii na kukiri. Mwezi Juni mwaka huo Mwanasheria Mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, alimwandikia Gavana Evelyn Baring akieleza kinachotendeka Mwea na namna ya kukiwekea kinga ya kisheria. Kwa hiyo wakubwa walijua. Mpango ulioandaliwa na Cowan kwa kufuata uzoefu wa Mwea ulipelekwa kambi ya Hola, na tarehe 3 Machi 1959 mahabusu 11 walipigwa huko hadi kufa.

Walioachiliwa walirudi na kukuta mambo yamekwisha kuamuliwa. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulikuwa umeanza kuunganisha vipande vya ardhi na kuviandikisha kwa majina ya watu binafsi, wakati wenye madai wako nyuma ya seng'enge. Kamati za kugawa mashamba zilijaa watiifu wa serikali. Sheria ya mwaka 1953 iliruhusu ardhi ya waliotajwa kuwa waasi itaifishwe, na nyingine ikasimamisha kesi za ardhi. Kisha sheria ya uandikishaji ya mwaka 1959 ikaufanya uandikishaji wa kwanza usiweze kupingwa mahakamani, hata kama ulipatikana kwa hila. Kinga hiyo iliingizwa katika Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya mwaka 1963 na kuvuka hadi Kenya huru. Katika orodha yote ya dhuluma za vita hivyo, hii ndiyo iliyodumu kuliko zote, kwa maana jeraha la fimbo hufa na mwenyewe, lakini hatimiliki hurithiwa.

Kura nayo ilikuwa na masharti. Katika uchaguzi wa Machi 1957, Wakikuyu, Waembu na Wameru walitakiwa kuwa na cheti cha uaminifu ndipo wapige kura. Aliyetoka kizuizini alihesabika mtu huru, ila hakuwa na sauti.

Huko Mwea, skimu ilipokea wapangaji wasio na ardhi, wakiwemo waliowahi kuwa kizuizini. Kila mmoja alipewa ekari 4 za majaruba. Hakupewa hatimiliki; alipewa leseni. Kanuni zilimtaka alime mpunga kama alivyoelekezwa, auze mazao kwa msimamizi wa skimu peke yake, na asiondoke muda mrefu bila ruhusa. Akikaidi, angeweza kufukuzwa. Sheria ya Umwagiliaji ya mwaka 1966 iliiweka skimu chini ya Bodi ya Taifa ya Umwagiliaji bila kuuondoa uhusiano huo. Uhuru ulikuwa umekuja, na mkulima aliendelea kuomba ruhusa ya kuishi juu ya udongo alioulima miaka yote.

Serikali ya Jomo Kenyatta ilihimiza kusahau yaliyopita. Wapiganaji waliotoka msituni mwishoni mwa mwaka 1963, wengi wao wakipitia Ruring'u mjini Nyeri, hawakupata ardhi bure. Mashamba ya walowezi yaliuzwa kwa mikopo. Jenerali Baimungi wa Meru, ambaye hakuridhika, aliuawa na vikosi vya serikali mwaka 1965. Marufuku ya mwaka 1950 dhidi ya Mau Mau haikufutwa hadi mwaka 2003.

Wakulima wa Mwea waliasi mwishoni mwa miaka ya 1990. Walikataa kuipelekea Bodi mpunga na kuukabidhi kwa chama chao cha ushirika. Mwanzoni mwa mwaka 1999 polisi walikabiliana nao, na vijana wawili wakauawa kwa risasi. Bodi ilirudi mwaka 2003 kwa makubaliano: yenyewe isimamie mifereji mikuu, wakulima kupitia vyama vya watumiaji maji wasimamie midogo.

Madai ya mateso ya kambini yalifika mahakamani London mwaka 2009. Miongoni mwa walalamikaji alikuwa Jane Muthoni Mara, aliyeteswa na kudhalilishwa kijinsia katika kambi ya Gatithi, Kirinyaga, alipokuwa msichana wa miaka 15. Kesi hiyo ililazimisha kutolewa kwa mafaili ya kikoloni yaliyofichwa Hanslope Park, Uingereza, yakiwemo ya Mwea. Tarehe 6 Juni 2013 Uingereza ilieleza masikitiko na kukubali kulipa pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo, kwa watu 5,228. Kesi nyingine ya watu zaidi ya 40,000 ilitupwa mwaka 2018, sababu kubwa ikiwa ni kupita kwa muda.

Malipo ya mwaka 2013 yalihusu mateso ya mwili. Ardhi haikuguswa. Sheria ya Umwagiliaji ya mwaka 2019 ilibadilisha Bodi kuwa Mamlaka, na Bwawa la Thiba lililokamilika mwaka 2022 limeongeza maji ya skimu, lakini wakulima wa Mwea bado wanadai hatimiliki za majaruba wanayolima.