Njia za baiskeli London: Somo la miaka tisini

Tarehe 14 Desemba mwaka 1934, Waziri wa Uchukuzi wa Uingereza, Leslie Hore-Belisha, alifungua katika barabara ya Western Avenue, magharibi mwa London, njia ya kwanza nchini humo iliyojengwa mahsusi kwa ajili ya baiskeli.

Njia hiyo ilikuwa na urefu wa takriban kilomita 4, nayo ilipita pande zote mbili za barabara. Mwaka huo zaidi ya watu 7,300 walikufa kwa ajali za barabarani nchini Uingereza.

Hata hivyo, wapanda baiskeli hawakushangilia. Chama chao, Cyclists' Touring Club, kilihofia kwamba leo wangepewa njia ya pembeni na kesho wangefukuzwa katika barabara kuu. Isitoshe, njia zenyewe zilikatika kila zilipokutana na barabara nyingine, yaani pale pale ambapo hatari huwa kubwa zaidi.

Baada ya Vita Kuu ya Pili magari yaliongezeka na baiskeli zikapungua. Uholanzi ilichagua mkondo mwingine katika miaka ya 1970, baada ya wazazi kuandamana kupinga vifo vya watoto wao barabarani.

London ilirudi katika suala hilo mwaka 2010, chini ya Meya Boris Johnson. Lakini sehemu kubwa ya njia hizo mpya ilikuwa ni rangi ya buluu tu iliyopakwa juu ya lami. Mwaka 2011 wapanda baiskeli wawili waliuawa katika mzunguko wa barabara wa Bow, mashariki mwa jiji. Novemba 2013, wengine sita walikufa London katika muda wa wiki mbili. Mwaka huo huo, mchunguzi wa vifo alionya kwamba rangi hiyo ingeweza kumfanya mpanda baiskeli ajione salama ilhali hayuko salama.

Ndipo ukingo ukachukua nafasi ya rangi. Mwaka 2016 ilifunguliwa njia iliyotengwa kando ya mto Thames, kutoka Tower Hill hadi karibu na Bunge. Katika baadhi ya njia panda ziliwekwa taa za baiskeli: magari yanayokata kona kushoto husimamishwa, baiskeli zikapita kwanza. Mwongozo wa serikali wa mwaka 2020 nao ulisisitiza kuwa katika barabara zenye magari mengi rangi peke yake haitoshi.

Miji yetu ya Afrika Mashariki nayo inajenga barabara mpya. Wakuu watakapotutangazia kilomita za njia za baiskeli, tuwaulize swali ambalo London ilichelewa mno kulijibu: mtoto anayekwenda shule kwa baiskeli atalindwaje afikapo njia panda?