Uimara wa bloku ya injini na uongezaji wa nguvu (Babati)

Uimara wa bloku ya injini ni uwezo wa kiwiliwili cha injini kuhimili msukumo wa mwako ndani ya silinda, mzunguko wa kranki na joto, bila kupasuka wala kupinda. Mjini Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara, suala hili hujitokeza zaidi kwenye Toyota Land Cruiser za dizeli zinazofungwa tabo (turbo), kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini, ili zipande milima kwa wepesi. Katika magari hayo bloku ni nadra kuwa ya kwanza kushindwa. Hedi, gasketi, pistoni na mfumo wa kupooza injini hutangulia.

Muundo

Bloku hubeba silinda, njia za maji na oili, na vikalio vya beringi kuu ambamo kranki huzunguka. Hutengenezwa kwa chuma cha kusubu au kwa alumini. Chuma ni kizito, lakini hakitanuki sana kikipata joto. Alumini ni nyepesi na hupoa upesi, ila bloku nyingi za alumini huvikwa silivu za chuma ndani ya silinda.

Umbo la sehemu ya juu, pale hedi inapokaa, nalo lina uzito wake. Silinda zilizoshikwa na bloku hadi juu hazitikisiki. Zile zilizoachwa wazi katikati ya maji hupoa vizuri, lakini msukumo ukizidi huyumba na gasketi huanza kuvuja.

Bloku za chuma na za alumini zote zimefanya kazi katika vumbi na joto la Safari Rally nchini Kenya. Mwaka 1994 Mkenya Ian Duncan alishinda na Toyota Celica yenye injini ya 3S-GTE, ambayo bloku yake ni ya chuma na ujazo wake ni cc 1,998. Colin McRae mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000 walishinda na Subaru Impreza yenye bloku ya alumini ya jamii ya EJ20, cc 1,994. Kwa wapenda mwendo, bloku ya chuma inayosifiwa zaidi ni ya 2JZ-GTE ya Toyota Supra. Nchini Japani ilitoka kiwandani ikiwa na nguvu za farasi 280, na mafundi wa mbio wameipandisha kupita 600 kwa bloku ileile.

Mwinuko na barabara za Babati

Babati iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, chini ya Mlima Kwaraa. Kwa mwinuko huo shinikizo la hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 15 likilinganishwa na la Dar es Salaam. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko.

Mji uko kwenye barabara ya Arusha kwenda Kondoa na Dodoma, ambayo kipande chake cha Dodoma hadi Babati kilizinduliwa kwa lami mwaka 2018. Barabara nyingine huenda Katesh na Singida, na kutoka Dareda ile ya Mbulu hupanda ukingo wa Bonde la Ufa. Gari lililojaa watu na mizigo likipanda hapo kwa gia ndogo, injini huzunguka kwa kasi huku hewa inayopita kwenye rejeta ni kidogo. Ndipo gari linapochemsha.

Injini ya 1HZ

Land Cruiser nyingi za utalii zinazoingia Hifadhi ya Taifa ya Tarangire hutumia 1HZ, injini ya dizeli ya silinda sita yenye cc 4,164, iliyoanza kutolewa mwaka 1990. Bloku na hedi zote ni za chuma. Nguvu yake ni takriban farasi 130, hivyo Babati hubaki na kama 113. Tabo hurudisha hewa iliyopotea na kuongeza nyingine juu yake.

Tatizo ni kwamba 1HZ haikubuniwa kwa tabo. Mgandamizo wake ni zaidi ya 22 kwa 1, na dizeli huanza kuwaka katika vyumba vidogo vilivyo kwenye hedi. Joto likizidi, nyufa hutokea kati ya vyumba hivyo na vali. Ndugu yake 1HD-T, yenye ujazo huohuo, ilitoka kiwandani na tabo: mgandamizo wake ni kama 18.6 kwa 1, na dizeli hupulizwa moja kwa moja juu ya pistoni.

Hatua za kuimarisha

Kwa 1HZ, tabo huwekewa kikomo cha shinikizo dogo, karibu nusu ya baa. Hufuata geji ya joto la moshi, na wengi hujizuia wasivuke nyuzi 700. Pampu ikiongezwa dizeli bila hewa ya kutosha, moshi mweusi huonekana na joto hupanda. Rejeta kubwa na kipooza hewa ya tabo huja kabla ya kuongeza shinikizo.

Anayetaka nguvu kubwa zaidi hubadilisha pistoni na konrodi ziwe za kufuliwa, huweka gasketi ya tabaka za chuma, na hufunga hedi kwa stadi imara. Silinda zilizolika huchongwa na kuwekewa pistoni za ovasaizi, au huvikwa silivu mpya. Kila mchongo huzidi kuukondesha ukuta wa silinda, kwa hiyo ukuta hupimwa kwanza.

Matunzo na usajili

Mapovu kwenye rejeta injini ikiwaka, au oili nyeupe kama maziwa kwenye stiki, ni dalili za gasketi iliyoachia au ufa. Maji ya kisima yenye chumvi huacha ukoko ndani ya bloku, na themostati ikitolewa injini huchelewa kufikia joto lake la kazi. Injini ikinoki na bloku ikabadilishwa, kadi ya gari nayo hurekebishwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), kwa kuwa namba ya injini iliyoandikwa humo imegongwa kwenye bloku.